Sanduku Nyuma ya Mlango

Kampuni ilisema tangazo lingetoka saa mbili usiku, na kufika saa moja na nusu tulikuwa tumeshakaa kulisubiri. Mwanangu Kola alikuwa kwenye kiti cha karibu na dirisha, pale mtandao unaposhika vizuri, simu ikiwa juu ya goti. Mkewe alikuwa amemlaza mtoto na kurudi sebuleni, barakoa ya kazini bado inaning'inia shingoni. Mimi nilisimama. Habari za meli sijawahi kuzipokea nikiwa nimekaa.

Ukutani palikuwa na kalenda yenye miduara tisa ya kalamu nyekundu. Kila mduara ulikuwa tarehe ambayo kampuni ilisema meli za watalii zitaanza tena safari. Tarehe zote tisa zilikuwa zimeshapita na hakuna meli iliyong'oa nanga. Mjukuu wangu, ambaye haachi mduara utulie, alikuwa ameichora yote macho na midomo, na karibu yote ilikuwa inacheka.

Saa mbili ikafika, ikapita. Mkwe wangu akauliza kama huko kwenye ofisi za kampuni saa zao zinakwenda sawa na zetu, na Kola akamjibu kwamba huko sasa hivi ni mchana, watu wameshiba, hawana haraka. Saa tatu kasorobo simu ikatetemeka. Alisoma kwanza kimya, halafu kwa sauti, akitafsiri polepole ili nami nielewe. Safari zimesogezwa mbele kwa siku nyingine thelathini. Kampuni inaendelea kufuatilia hali ya ugonjwa. Wafanyakazi waendelee kuwa tayari.

"Tayari kwa nini?" nikauliza.

"Kwa kuwa tayari, mama," akasema, na akacheka. "Leta kalamu nikuchoree mduara wa kumi."

Na alicheka kweli, hakikuwa kicheko cha kufunika kitu. Ninamjua, nimemzaa. Mimi ndiye niliyekwenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kola hakuzaliwa na jina hilo. Nimemlea kwa kupiga pasi nguo za watu, na alipokuwa na miaka saba alizoea kukaa chini ya meza yangu akichora vumbi kwa kidole. Siku moja akachomoza kichwa akaniambia kwamba kola ya shati la mwalimu wake inajikunja kwa sababu ninaianza katikati nikienda pembeni. Nianze kwenye ncha, niende katikati. Nilimwambia arudi chini ya meza. Alipolala nilijaribu, na kola ikatoka kama karatasi mpya. Kuanzia hapo kola zote zikawa zake, na jina likamganda. Wavulana wenzake walimcheka kwamba anafanya kazi ya mama zao. Yeye aliwauliza tu, shati ulilovaa nani kalinyoosha?

Alipopata kazi kwenye meli ya watalii, mtaa mzima ulijua. Mpaka leo wanamuuliza kuhusu mabwawa ya kuogelea na muziki wa usiku. Kwa miaka sita mabwawa hayo aliyaona siku za mazoezi ya dharura tu, wanapopangwa mstari na maboya vifuani. Kazi yake ilikuwa chini kabisa, chini kuliko usawa wa maji yenyewe, kwenye dobi ya meli, panapofuliwa na kunyooshwa nguo zote. Huko kuna mashine yenye roli za moto zinazozunguka, ndefu kama ukuta wa nyumba yangu. Watu wawili wanaliingiza shuka upande huu, kila mmoja na ncha yake, wengine wawili wanalipokea upande wa pili na kulikunja. Lazima muende kwa hatua moja. Mmoja akiwahi, shuka linaingia upande, na kazi inasimama.

Huko ndiko alikojifunza kukunja shuka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Ncha moja inaachwa nje kidogo, kama sikio. Ukiivuta hiyo ncha, shuka lote linafunguka lenyewe na kulala kitandani. Halikung'utwi. Vyumba vya melini ni vyembamba, alinieleza, ukikung'uta shuka unaangusha taa.

Jambo la pili alilorudi nalo ni milango. Huko chini kuna milango mizito ya chuma inayosukumwa na mashine, iliyowekwa ili maji yakiingia chumba kimoja yasihamie cha pili. Mlango kama huo hauna huruma, ukiamua kufunga unafunga. Kanuni yao ni kwamba mtu hapiti mlango ukiwa unatembea. Unasubiri ufunguke mpaka mwisho, ndipo unapita. Mwenzake mmoja, waliyelala naye chumba kimoja, alipita ukiwa nusu, mikono imejaa foronya. Alirudishwa kwao akiwa na magongo. Basi tangu hapo Kola hapiti mlango wowote kabla haujafunguka wote, hata wa choo chetu, ambao ni wa mbao na haujawahi kumdhuru mtu.

Mlango mmoja tu aliuacha nje ya kanuni hiyo, nao ni wa chumba chake mwenyewe. Chumba ni kidogo, na sanduku lake la safari halikuwa na pa kukaa isipokuwa nyuma ya mlango. Lilikuwa limefungwa tangu mduara wa kwanza: sare mbili, viatu vya kazini, vyeti ndani ya mfuko wa nailoni. Mlango ulifunguka nusu, ukagonga sanduku, na yeye akapita ubavu ubavu kama kaa. Kila asubuhi nilisikia kishindo cha mlango kugonga sanduku, kisha vifungo vya shati vikikwaruza mwimo. Nikimwambia alihamishe, alisema likihama hapo atalisahau.

Alirudi nyumbani ugonjwa ulipoanza. Bandari moja baada ya nyingine iliikataa meli yao. Watalii walishushwa kwanza, wafanyakazi wakabaki majini siku arobaini na mbili. Siku zote hizo waliendelea kufua na kupiga pasi mashuka ya vitanda visivyolaliwa na mtu, kwa sababu mkuu wao aliwaambia mashine ikilala inashika kutu, na mtu vilevile.

Maneno hayo nilikuwa nikiyakumbuka kila nilipoitazama mikono yake. Mtu wa pasi ana ngozi ngumu hapa, chini ya kidole gumba. Ya kwangu iko mpaka leo. Ya kwake ilikuwa inalainika. Alinisaidia nguo za wateja, lakini wateja walikuwa wachache, watu hawatoki, na mtu asiyetoka hahitaji shati lililonyooka. Saa mbili asubuhi alikuwa ameshamaliza kazi ya siku nzima. Kinachobaki ni simu na dirisha. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye mdomo wake hauna kifungo, alikuwa akimpigia kelele: "Kola! Subira ya wenzako inavuta heri, ya kwako inavuta siku thelathini!" Kola alimjibu kwamba subira ya fundi imevuta suruali ya mteja tangu mwaka juzi. Walicheka wote wawili, na siku ikawa imepita.

Wiki moja baada ya mduara wa kumi, mkwe wangu alirudi na habari. Yeye ni msafishaji hospitalini. Alisema dobi ya hospitali imeelemewa, mashuka yamelundikana mpaka kwenye korido, na wanatafuta mtu anayeijua kazi. Waliokuwapo wengine wameugua, wengine wamekimbia. Mkataba ni wa mwaka mzima, anayeuvunja harudishwi.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kampuni ya meli nayo ilikuwa na sharti lake: atakayeitwa na asiripoti ndani ya siku saba, nafasi yake inapewa mwingine. Kwa hiyo kusaini hospitalini ni kuiacha meli, na kuingoja meli ni kuiacha hospitali. Na hakuna aliyejua meli itaita lini, kesho au mwaka kesho kutwa.

Kola alikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu akasema anakwenda kuiona hiyo dobi, kuona tu hakuharibu kitu. Nikasema nami nina shida ya dawa ya mgongo, tutaongozana. Ana miaka ishirini na tisa na aliniangalia kama mtu anayejua kwamba mgongo wangu hauna kitu, lakini alinisubiri nivae viatu.

Dobi ilikuwa nyuma ya hospitali, jengo refu linalotoa mvuke juu. Mlango wake ni wa chuma, mpana, unateleza kwenye reli kwa nguvu ya mota. Anayeisimamia ni mama mnene wa makamo, aproni ya mpira mpaka kwenye vifundo, ambaye hospitali nzima inamwita Bibi Dobi. Mkwe wangu alikuwa amemwambia mapema tunakuja. Nilibaki nyuma, karibu na bomba, nikijifanya natafuta kitu mkobani.

Kola alibisha. Mota ikaunguruma, mlango ukaanza kuteleza, ukafika nusu, na hapo ukaanza kutetemeka. Ndani Bibi Dobi alimpungia mkono apite. Kola akasimama, mikono nyuma, akiutazama mlango. Bibi Dobi akapunga tena. Mashine zilikuwa zinapiga kelele, mvuke unatoka, na nyuma yake wafanyakazi wawili walikuwa wameacha kazi wanatazama. Kola hakuinua mguu.

"Wewe ni wa sita mwezi huu kusimama hapo hapo," Bibi Dobi akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzishinda mashine. "Kama mashuka ya wagonjwa unayaogopa ukiwa nje, ndani utafanya nini? Nenda nyumbani, baba." Akabonyeza swichi. Mlango ukarudi ulikotoka.

Nilimfuata mwanangu mpaka nje ya geti. Hata mimi, niseme ukweli, nilikuwa na shaka. Nikamuuliza kama alisita.

"Mama, ule mlango ulifunguka wote?"

"Haukufunguka wote."

"Basi."

Nikamwambia arudi akajieleze. Akasema kazi haianzi kwa kujitetea mlangoni, na ameshaitwa mwoga mbele ya watu, akirudi ataonekana anabembeleza. Kisha akaongeza kwamba huenda ni heri, meli inaweza kuita wiki hii. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiitaja meli na sauti yake isicheke.

Siku nne nilimtazama. Alikula vizuri, alicheza na mtoto, alitupiana maneno na fundi. Lakini kila baada ya muda mfupi aliishika simu, akaigeuza, akairudisha. Siku ya tano, alipokwenda kumpelekea mteja nguo, niliingia chumbani kwangu nikachukua shuka kutoka kwenye rundo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikunja. Nikalitia kwenye mfuko safi, nikavaa barakoa, nikatoka.

Sikubisha dobi. Nilisubiri kwenye benchi la nje mpaka wakati wa chai, Bibi Dobi akatoka na kikombe chake, akakaa mbali nami kama ilivyotakiwa wakati ule. Nikaliweka shuka juu ya toroli katikati yetu. Aliniuliza kama naleta sadaka, maana mashuka anayo ya kunizika nayo. Nikamwambia avute ile ncha iliyotokeza.

Akaivuta. Shuka likafunguka, likalala juu ya toroli bila hata kutikisika. Akaweka kikombe chini. Akalikagua pindo kwa vidole, akalikunja kwa mazoea yake, akaona halifanani, akalikunjua, akafuata mistari iliyobaki kwenye kitambaa mpaka akaipata. Akavuta tena ncha. Fundi akiwa anasoma kazi ya fundi mwenzake, humkatizi.

"Halikung'utwi," akasema mwishowe.

"Halikung'utwi."

"Wauguzi wangu wanakung'uta mashuka mchana kutwa, vumbi lote linawarudia usoni. Nimewaambia mpaka nimechoka." Akanitazama juu ya miwani. "Nani kakunja?"

"Yule mwoga wako wa Jumatatu."

Nikamweleza habari ya milango ya meli na yule kijana wa magongo. Alisikiliza akiwa anautazama mlango wake. Alisema mota yake imechoka, inafika nusu na kugoma, nao wamezoea kujipenyeza, na mwaka jana ilimbana mtu wake bega wakasema ni bahati mbaya. Kisha akasema aje Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lakini aje mwenyewe, asitume mama.

Jioni nilipomwambia Kola, uso wake ulibadilika.

"Umekwenda kuniombea kazi, mama."

"Sikuomba. Nilipeleka shuka, likajisemea."

Alimaliza chai yake, akaenda kusimama dirishani. Mkwe wangu akanikonyeza kwamba nimwache, nami nikamwacha, ingawa kumwacha mtu ni kazi ambayo sikufundishwa. Baada ya muda mrefu akauliza, bila kugeuka, kama Bibi Dobi alilikunja mwenyewe au alivuta tu. Nikasema alilikunja, mara ya pili akapatia. "Mara ya pili?" akasema. "Mimi ilinichukua wiki." Nikajua hasira imepata pa kutokea.

Jumapili mchana, kama vile waliambiwa, kampuni ikaleta ujumbe. Haikuwa siku thelathini safari hii. Walisema huenda safari chache za majaribio zikaanza baada ya miezi mitatu, huenda bila watalii mwanzoni, huenda kwa wafanyakazi nusu. Walio tayari wajibu ndani ya siku mbili. Kola aliwaandikia hapo hapo kuuliza tarehe. Jibu lilikuja kabla ya jua kuzama: tarehe itategemea hali.

Alitusomea ujumbe wote mara mbili, akihesabu kwa vidole. Zilikuwa "huenda" saba.

"Mama," akasema, "umewahi kupiga pasi kola kwa huenda?"

"Sijawahi."

"Mimi pia."

Aliandika jibu taratibu, na kabla ya kulituma alitusomea. Aliwashukuru kwa miaka sita. Alisema amepata kazi ya mwaka mmoja, na baada ya hapo, kama meli zitakuwa zinatembea, watamkuta mikono yake ina kazi ndani yake. Hakuwakata, wala hakuwabembeleza. Walimjibu kwamba jina lake linaondolewa kwenye orodha, ila anaruhusiwa kuomba upya siku zijazo. Akasema sawa, akaiweka simu kwenye kabati la vyombo, mbali na dirisha. Mimi niliyeichukia bahari miaka yote sita ndiye niliyelifungua kabati tena kuitazama. Yeye alikuwa ameshamwita mtoto waende kutafuta aproni yangu ya zamani.

Jumatatu niliamka kabla ya wote, kama kawaida yangu, nikachemsha chai. Kiza kilikuwa kinaondoka dirishani. Kwenye kalenda mduara wa kumi ulikuwa pale pale, umechorwa masharubu, na wa kumi na moja haukuwapo. Nilisikia kitanda chao kikilia, maji yakimwagika kwenye beseni, pasi ikiwekwa juu ya bati lake. Nikakaa nikisubiri kile kishindo. Miezi kumi na minne nimekisikia, siku yangu haianzi bila hicho.

Kitasa kikazungushwa. Mlango ukaanza kufunguka, ukafika pale unapogonga kila siku, na haukugonga. Ukaendelea. Nikanyanyua kichwa. Ukaendelea mpaka kitasa kikagusa ukuta wa chumbani, mahali ambapo rangi bado ilikuwa mpya kwa kutoguswa. Nyuma yake niliona sanduku juu ya kabati, limelala chali, limejazwa mablanketi yetu.

Kola alikuwa kizingitini, shati jeupe, kola imesimama kwenye ncha zote mbili. Alisubiri mlango utulie kabisa. Kisha akapita, kifua mbele.